Jina la Bi Nani Chini ya Makala Yangu

Shangazi yangu alilazwa wodini kwa sababu ya mboga za majani.

Hazikuwa zimeoza. Hazikuwa na sumu. Zilikuwa mboga safi kabisa, aliziosha mwenyewe, akazipika mwenyewe, akazila kwa hamu asubuhi, mchana na jioni kwa wiki tatu.

Aliyemshauri azile ni mimi. Ngoja niwasimulie, na mkitaka kunisema mtanisema mwishoni, nimeshazoea.

Naandika makala za afya mtandaoni. Ukurasa wetu ni wa wanawake waliovuka miaka sitini: wale nini, wapunguze nini, mambo ya mifupa, presha, sukari. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya maandishi. Meza nne na feni moja inayozunguka ikijisikia.

Pamoja na udogo wetu tulisomwa sana, na sababu ilikuwa mstari mmoja mwishoni mwa kila makala: "Imepitiwa na mtaalamu wa lishe." Halafu jina, picha na tarehe.

Jina hilo lilikuwa la mama mmoja mtu mzima aliyestaafu kazi ya lishe hospitalini. Sisi tulimwita Bi Nani, kwa sababu kila ukimpelekea makala swali lake la kwanza lilikuwa lile lile.

"Hapa alipimwa nani?"

Hakujali utafiti unasema nini mpaka ajue umewapima watu gani. Wanawake au wanaume? Wa umri gani? Wangapi, na walifuatiliwa muda gani? Nani alidhamini? Ukiwa umenukuu ukurasa wa watu badala ya kwenda kuusoma utafiti wenyewe, alikurudishia karatasi bila kusema kitu.

Nasema karatasi kwa sababu Bi Nani hakusoma kwenye skrini. Alitaka makala ichapishwe, akaipitia na kalamu nyekundu mstari kwa mstari, na akiridhika anasaini kwenye kona. Kuanzia hapo sheria ilikuwa moja tu. Neno lisiguswe. Ukiligusa, makala inarudi kwake.

Sasa, makala ya mboga.

Niliandika kwamba mboga za majani zinaimarisha mifupa ya wanawake wazee. Ikarudi, kwa sababu utafiti niliotumia uliwapima wanariadha vijana. Pembeni aliandika, "Hawa wana magoti ya miaka ishirini. Msomaji wako je?"

Nikatafuta utafiti wa wanawake wazee kweli kweli. Ikarudi tena. Nilikuwa nimeandika mboga "zinazuia" mifupa kuvunjika, wakati watafiti wenyewe walisema tu kwamba waliozoea kula mboga walivunjika mara chache zaidi. Akanieleza kwa upole kwamba huenda wale walaji wa mboga walikuwa pia wanatembea sana, au wana nafuu ya maisha. Kuonekana eneo la tukio hakukufanyi uwe mhusika, akasema.

Mara ya tatu aliipitisha, ila kwa mkono wake akaongeza aya nzima. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiongeze mboga za majani ghafla, maana zina vitamini inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Ale kiasi kile kile alichozoea, na akitaka kubadilisha azungumze kwanza na kliniki yake.

Akasaini kwenye kona, akaenda zake kwenye zahanati ya nje ya mji alikokuwa anajitolea.

Mimi ile aya niliichukia.

Mhariri wetu alikuwa na grafu inayoonyesha msomaji anaishia wapi. Wengi walikuwa wanaishia kwenye tahadhari. Ukishaandika "lakini kama unatumia dawa", watu wanahama. Makala yangu ilikuwa imekaa vizuri, inateleza, na sasa mama huyu amenirudisha mara mbili kama mtoto wa darasa la pili, halafu ananibandikia mkia.

Nikaifuta. Jina lake nikaliacha.

Karatasi yenye saini nikaitupia kwenye droo yangu, nikashuka chini kutafuta chakula.

Makala ilisomwa kupita zote nilizowahi kuandika. Shangazi mwenyewe alinipigia simu. Huyu ni dada yake baba, ndiye aliyenilea, na alifanya kazi ya kupiga chapa maofisini miaka thelathini, kwa hiyo kitu kilichoandikwa vizuri anakiheshimu. Akaniambia ameichapisha, ameitia plastiki na kuibandika mlangoni mwa friji. Nikavimba kichwa siku nzima.

Nilijua anameza kidonge kila jioni tangu mguu wake uvimbe miaka miwili nyuma. Kidonge cha nini, sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nawashauri wazee wa watu nisiowajua, na dawa ya mzee wangu mwenyewe sikuijua jina.

Wiki ya nne, binti yake akanipigia. Mama kalazwa, mguu umevimba tena, damu imeganda kwenye mshipa.

Nilifika wodini nikamkuta daktari anamuuliza kama amebadilisha chochote kwenye chakula. Shangazi akafungua mkoba wake akatoa makala yangu, ile ile yenye plastiki. Alikuwa ameibandua kwenye friji aje nayo.

"Nakula vizuri mno siku hizi," akasema. "Na si maneno ya mtaani haya, daktari. Imepitiwa. Soma hapo chini."

Daktari akasoma mpaka mwisho. Akageuza, akasoma tena.

"Hapa palitakiwa pawe na onyo kwa watu wa dawa yako," akasema. "Huyu mtaalamu aliyepitisha alikuwa anafikiria nini?"

Shangazi akanitazama mimi, mwandishi wake, nimjibie.

Nikafungua chupa ya chai niliyomletea. Nikammiminia kikombe, nikamwambia anywe kabla haijapoa. Daktari akaandika kitu kwenye faili, akaenda kitanda kingine.

Binamu yangu hakunyamaza. Jioni ile ile aliweka mtandaoni picha ya mguu wa mama yake, na pembeni yake picha ya Bi Nani. Watu wakammiminia yule mama matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Jumatatu mhariri akatuita. Makala ilishafutwa. Akamuuliza Bi Nani ilikuwaje akapitisha kitu kama kile. Bi Nani akajibu kwamba alipitisha ikiwa na tahadhari. Mhariri akanigeukia.

"Uliigusa baada ya saini?"

Droo yenye ile karatasi ilikuwa karibu na goti langu. Ningeifungua tu, ingetosha.

"Sikumbuki," nikasema.

Nimeshasema uongo mwingi maishani, mkubwa na mdogo. Huo ndio ninaouonea aibu mpaka leo, nikiwa peke yangu, bila mtu wa kunikumbusha.

Bi Nani alinitazama kidogo. Kisha akamwambia mhariri kwamba jina lililo chini ni lake, kwa hiyo wa kuulizwa ni yeye. Mhariri akamsimamisha kazi. Bi Nani akakusanya kalamu zake, miwani na kikombe chake, akatuaga vizuri kila mtu, na mimi nikiwemo.

Siku nne nikawa naenda kazini na kurudi. Nilijipa sababu zote. Kwamba yeye ameshastaafu, mimi ndiyo naanza maisha. Kwamba shangazi anaendelea vizuri. Kwamba mambo yatapoa.

Ijumaa binamu yangu akanitumia ujumbe. Kumbe shangazi alikuwa ametoa nakala za ile makala, akazitia plastiki na kuwagawia wenzake wa matembezi ya asubuhi, wanawake kumi na wawili wanaozunguka uwanja wa michezo pamoja. Mtandaoni tulikuwa tumefuta. Zile plastiki kumi na mbili zilikuwa bado kwenye mafriji ya watu.

Hapo ndipo visingizio viliponiishia. Nikaomba majina na nyumba, na Jumamosi asubuhi nikatoka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Mlango ulikuwa wazi, nikapiga hodi, nikaitikiwa "Karibu" na sauti niliyoifahamu.

Bi Nani alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki sebuleni, mbele yake sanduku la dawa la mwenye nyumba, anasoma kidonge kimoja kimoja na kuandika kwenye daftari. Mezani palikuwa na rundo la makala zangu zilizotiwa plastiki. Amezikusanya.

Nikamwamkia. Akaitikia, akanisogezea stuli.

"Huyu ni wa tisa," akasema. "Wewe umeanzia upande gani?"

Nikamwambia huyu ndiye wa kwanza wangu. Akaendelea kumwelekeza mwalimu kwamba mboga si adui, ila kliniki ijue anakula kiasi gani, na kwamba Jumatatu lazima akapime damu. Mwalimu alikuwa anameza dawa ile ile ya shangazi. Walikuwa watatu kati ya wale tisa, na mmoja alikuwa ameshaanza kuhisi maumivu mguuni. Bi Nani alikuwa amempeleka hospitali kwa mkono wake.

Tulipotoka nje nikamuuliza majina ameyapata wapi.

"Kwa shangazi yako. Nilikwenda kumwona Jumatano."

"Alikuambia nini?"

"Alinisema. Mpaka nesi akaja kumtuliza. Nikamwacha amalize, halafu nikamwomba majina."

"Hukumwambia sio wewe?"

Akavua miwani akaifuta na kitambaa cha nguo yake.

"Mwanangu, ningesema sio mimi, angeniuliza ni nani. Ningekutaja, ungekana, kama ulivyokana Jumatatu. Tungebishana wiki nzima, na wale wanawake wakiendelea kula kwa imani. Niliona niwahi kwanza kwenye nyumba. Ubishi haumdhuru mtu ukisubiri."

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu pale ofisini niliposema sikumbuki.

Nililia barabarani, mwanaume mzima, watu wanapita na vikapu vyao vya sokoni. Bi Nani hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akaniuliza kama naifahamu nyumba ya kumi.

Tukamaliza zilizobaki pamoja. Yeye akiuliza, mimi naandika. Kwenye kila nyumba nilijitambulisha kwamba mimi ndiye niliyefuta onyo, na si huyu mama. Bibi mmoja akaniuliza, kwa utulivu tu, ilinisumbua nini ile aya. Nitamwambiaje kwamba ilinikalia vibaya kwenye grafu?

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja ofisini nikatoa karatasi kwenye droo, nikamwekea mhariri mezani. Alipoiona saini na ile aya, aliketi. Bi Nani aliombwa radhi hadharani, na akarudi kwa sharti moja, kwamba kuanzia sasa anasoma mara mbili: kabla haijatoka, na tena ikiwa imeshatoka. Sahihisho liliwekwa juu kabisa ya ukurasa, likieleza nini kilifutwa na nani alikifuta. Jina langu lilikaa pale mwezi mzima. Mimi siandiki tena. Nimewekwa nimsaidie Bi Nani kutafuta tafiti na kujibu lile swali lake kabla hajaliuliza.

Lakini hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kabla ya mhariri kutoa sahihisho, nilikwenda wodini.

Shangazi alikuwa ameketi kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mto. Nikamwambia yote. Onyo lililokuwepo, kidole changu kilicholifuta, chupa ya chai, neno "sikumbuki". Nilidhani atanitukana kama alivyomtukana Bi Nani. Nilikuwa hata naomba anitukane.

Alikunja pindo la shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kumbe nilimkosea mama wa watu bure," akasema. "Nipe simu nimwombe radhi."

Nikampa. Akazungumza na Bi Nani kwa unyenyekevu ambao sijawahi kumsikia nao. Alipomaliza akanirudishia simu.

"Wakati nasoma ile makala," akaniambia, "jina la huyo mama hata sikulifikia mwanzoni. Nilisoma kwa sababu juu pale paliandikwa jina lako. Lile la chini nilikuwa nawaonyesha watu wengine, wasioamini."

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua mkono.

"Wewe tutaongea baadaye."

Ni miezi minne sasa. Mguu umepona, anatembea na wenzake, anakula mboga zake kwa kiasi kile kile kila siku. Nikienda ananipokea vizuri, ananiuliza kama nimekula, ananitania kuhusu kitambi. Nikileta tu ile habari, anasema chai inapoa.

Hatujaongea.

Nimeandika haya kwa sababu mbili. Wewe unayesoma ushauri wa chakula mtandaoni, hasa kama una mama, bibi au shangazi: uliza alipimwa nani, amepitia nani, na je, kuna mtu ameigusa makala baada ya hapo. Na kama mzee wako anameza dawa yoyote, ijue jina leo, usisubiri wodini.

Na wewe unayeandika, ambaye umewahi kuona maneno ya tahadhari yanakuharibia uzuri wa kazi yako: aliyekuamini hatakuuliza ulifuta nini. Atakula tu. Siku akijua, anaweza kukusamehe au asikusamehe, na wewe utakaa unasubiri, kama mimi.