Kitanda Kimoja au Viwili?

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya dada wa watu anayeuza tiketi.

(Mume wangu hayumo humu mtandaoni, ndiyo maana naandika.)

Tulikwenda duka la safari hapa mtaani kwetu Rexdale, huku ughaibuni, kupanga likizo ya Curaçao. Ni kisiwa cha Karibi chenye joto mwaka mzima. Waholanzi walikitawala, wakaacha nyumba za rangirangi kando ya maji.

Wazo lilikuwa langu. Miaka yote Baba Neema yuko kiwandani usiku, mimi nahudumia wazee mchana. Nikasema tukikaa wiki moja peke yetu, labda tutaongea tena kama zamani.

Yule dada akauliza, "Chumba cha kitanda kimoja kikubwa, au viwili?"

Nikafungua mdomo.

Baba Neema akawahi. "Viwili."

Bila hasira. Kama mtu anayeagiza chai.

Dada akacheka, nadhani alitaka kutuokoa. "Mama anakoroma, eh?"

"Hapana, hakoromi."

Nikajifanya natazama picha ukutani.

Kituoni, theluji inatupiga usoni, nikamuuliza, "Baba Neema, kwa nini viwili?"

Akashangaa kweli. "Si ndivyo tunavyolala nyumbani?"

Basi likaja, tukapanda, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa.

Tumeshalipa, tunaondoka Machi. Sitegemei kitu tena.

Mkiona picha zetu tumekumbatiana ufukweni, tafadhali msiandike "mmependeza". Andikeni chochote kingine.