Rashidi, Sauti Tuliyoitafuta Kwenye Kadi Zako

Nimeandika "Rashidi ametutoka" nikafuta mara tatu. Bado haijaniingia kichwani. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ndugu zangu wa humu kwenye kundi, yule mwenzangu wa studio ya Nyakabiga, aliyekuwa anawarushia video za magari, tumemzika Jumatano. Malaria, siku nne tu. Nimechoka, kwa hiyo nitaandika kama yanavyokuja.

Kazi yetu ilikuwa video za harusi, lakini roho yake ilikuwa kwenye mashindano ya magari. Kuna harusi tuliifungua kwenye editing tukakuta bibi harusi ana dakika sita, msafara wa magari dakika arobaini. Mama wa bibi harusi alikuja studio na kiatu mkononi. Rashidi akamuuliza, "Lakini mama, umeona vile ile gari ya mbele ilikata kona?"

Hata zikiwa mbio za pikipiki tu kule Buterere, alifika wa kwanza, analaza kamera chini kabisa karibu na tope. Shati lake la kazi halikuwahi kuwa jeupe.

Na sheria yake mliijua. Akishabonyeza kurekodi, hakuna kuongea. "Injini ndo inaongea," alikuwa anasema. Tulisimama kimya kama tuko kwenye swala.

Mafuta yalipokosekana mjini na magari yakalala, alitafuta usukani wa zamani wa game akaufunga kwenye meza ya mama yake. Yeye anaendesha kwenye televisheni, kamera iko nyuma yake inarekodi televisheni. Na hapo pia hakuna kuongea. Mi nilikuwa nakoholea kwenye mto.

Siku ya pili ya matanga mama yake akaniita pembeni.

"Saidi, mwanangu, we ndo ulikuwa naye kila siku. Picha ninazo. Sauti apana. Nitafutie nimusikie hata kidogo."

Simu ya Rashidi haikuwa na ujumbe wa sauti hata mmoja. Alikuwa mtu wa kuandika. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, mtu wa video huyu, sauti itakosekana vipi? Nikabeba kadi zote za kamera nyumbani.

Nimekaa siku mbili mbele ya kompyuta. Injini. Injini. Mvua, mbwa anabweka, injini. Miaka yote hiyo na hakuna mtu aliyesema neno, kwa sababu sote tulimtii. Nilimkasirikia, wallahi. Nilimkasirikia maiti, Mungu anisamehe.

Niliogopa kurudi kwa mama yake mikono mitupu. Hilo ndilo lililonifanya nisizime kompyuta.

Leo mchana nikafika kwenye kadi ya Mutakura. Siku ile gari nyekundu iliteleza, ikakwepa ukuta kwa kidole kimoja. Nikasahau sheria, nikapiga kelele, "Yoo, mama yangu!"

Akanigeukia, kamera bado inarekodi.

"We Saidi, umeniharibia. Nimesema munyamaze, ama mi naongea Kichina? Futa hiyo, haina kazi tena." Halafu kile kicheko chake cha puani. "Lakini umeiona, eh? Umeiona?"

Aliniagiza niifute. Sikuifuta, na wala si kwa mapenzi, ni uvivu tu. Siku ile pia nilikuwa nimechoka.

Nimempelekea mama yake. Amepakata kompyuta magotini kama mtoto mchanga. Akasikiliza, akaniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaomba tena.

Mara ya nne akaanza kumjibu. "Nimeiona, mwanangu. Nimeiona."

Nikatoka nje, nikalia vizuri. Tangu makaburini nilikuwa sijalia.

Rashidi, miaka yote umenisema kwa huu mdomo wangu, na mdomo huu ndio uliomrudishia mama yako sauti yako. Sijui nicheke au nifanye nini. Kadi ya Mutakura haifutwi, nimeshampa mama aiweke pamoja na vitambulisho vyako.

Siku mafuta yakipatikana na magari yakirudi barabarani nitalaza kamera chini kabisa karibu na tope, vile vile ulivyonifundisha. Ila safari hii tutaongea, wote, na majina yetu tutayataja.

Lala salama, ndugu yangu. Utanisamehe kelele.