Chekeche la Kwedi

"Wewe Walini, chekeche langu la mwanzi unalo tangu mavuno! Unga wa mahindi nichekechee nini, kiganja?"

Mama yangu, Kwedi, alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani yake, mikono kiunoni. Alikuwa amemwacha dada yangu Salali, wa miaka mitatu, amelala nyumbani, ng'ambo ya kijito; mimi nilikuwa sijazaliwa.

"Punguza sauti, dada, nalifuata ghalani," alijibu Walini. "Wewe hata ukifa utarudi kulidai."

Alipotoka tu kwa mlango wa nyuma, askari wakaingia kwa mbele na bunduki zenye visu. Sisi Wacherokee, wenyeji wa asili wa Amerika, tulikuwa tumeamriwa na serikali ya wazungu kuihama nchi yetu, na siku ya kututoa kwa nguvu ilikuwa hiyo. Mama aliwaonyesha kwa mikono: mtoto, kule, amelala. Hawakuijua lugha yake wala hawakuwa na haja nayo. Walimsukuma mpaka kwenye boma la magogo.

Humo hakula siku mbili. Kila kundi la waliokamatwa lilipoletwa alikimbilia langoni, akitazama nyuso za watoto. Aliogopa kwamba Salali aliamka peke yake, akatoka kumtafuta, akatumbukia kijitoni.

Siku ya tatu aliletwa Walini, miguu inavuja damu, Salali mgongoni. Akiwa ghalani alikuwa amewaona askari, akavuka kijito mbio, akamchukua mtoto na kujificha naye msituni hadi walipokamatwa.

Mama alimkumbatia mtoto.

"Kwedi, chekeche lako nililitupa njiani," alisema Walini, kama anayengoja kofi.

"Chekeche gani?" mama akasema. "Mimi sijawahi kukuazima kitu."