Nyumba Namba Tisa

Watu wote walimwita Koki. Alikuwa fundi bomba, ila jina hilo hakulipata kwa ufundi. Alilipata kwa mdomo, maana akishafunguka hapatikani wa kumfunga. Jambo moja tu alikuwa halizungumzi, nalo ni babu yake mzaa mama. Kwao babu huyo hakutajwa. Koki alikua akijua kwamba mama yake alikanwa na baba yake mzazi, basi, na mtoto mwenye adabu hachokonoi kidonda cha mzazi.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mama yake Koki alifiwa na mama yake kabla hajajua kutembea, akachukuliwa na mama yake mdogo kwenda kulelewa mji mwingine. Baba yake, mpiga chapa, akabaki peke yake katika nyumba namba tisa, barabara ya stesheni. Mume wa mama mdogo akahamishwa kikazi, kisha akahamishwa tena, na habari zikakatika. Binti alipofika miaka kumi, mama mdogo aliandika barua kwamba wanakuja. Jibu halikurudi. Wakaenda hivyo hivyo, mtoto kavalishwa gauni jipya, wakabisha namba tisa. Akatoka mwanamume mwenye unga mikononi, akasema mtu wa jina hilo hayumo humu wala hamjui.

Mama mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa na hasira za mkizi. Hakuuliza mlango wa pili. Alimshika mtoto mkono, wakageuza, na ndani ya treni akamwambia, "Baba yako amekukana. Usimlilie."

Na kweli hakumlilia. Alikua, akaolewa, akazaa, akazeeka, na watoto wake akawafundisha kwamba upande ule hawana mtu. Mpaka jioni moja, macho yake yameshaanza kufifia, Koki yuko chini anamkata kucha za miguu, bibi kizee akasema bila kuulizwa:

"Nataka kujua kitu kimoja tu kabla sijaenda. Siku ile, alikuwemo ndani?"

Koki akamuuliza, je, jibu likiwa ni ndiyo? Mama akamwambia kwamba kujua kunauma mara moja, kutojua kumemuuma kila siku. Kesho yake Koki akafunga safari kwenda mji wa babu yake.

Ofisi ya kumbukumbu za mji ilikuwa nyuma ya jengo la kodi, chumba kirefu chenye rafu mpaka darini na meza moja chini ya dirisha. Mtunza kumbukumbu alikuwa mwanamke mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini, na kila mara alikuwa akiitafuta ile ya utosini. Alimweleza Koki kwamba zamani karani wa mji alipita kila mwaka, nyumba kwa nyumba, akiandika nani anaishi wapi, kazi yake nini, na nyumbani kwake kuna nani. Kila mwaka una kitabu chake. Akamwekea vitabu mezani, akamwomba asilowanishe kidole kwa mate.

Koki alianza na mwaka wa lile gauni jipya. Barabara ya stesheni, namba tisa: mwoka mikate, mke, watoto sita. Akarudi nyuma mwaka mmoja, namba tisa: mpiga chapa, na jina la babu yake kamili. Moyo ulimruka, halafu ukamshuka. Kwa hiyo mzee alikuwa amehama muda mfupi tu kabla mwanawe hajafika, asiache hata neno kwa jirani. Koki akafunga kitabu. Alikasirika kana kwamba ni yeye aliyerudishwa mlangoni.

"Alitoroka," akamwambia mtunza kumbukumbu. "Asante, nimemaliza."

"Kaa kwanza, kaka. Jirani wa huyo mwoka mikate ni nani?"

Koki alitaka kusema majirani wa mwoka mikate wanamhusu nini, lakini alikaa, akafungua. Namba kumi na moja, fundi cherehani, mwanamke mjane. Akaambiwa amtafute katika kitabu cha mwaka wa nyuma. Hakuwa kumi na moja. Alikuwa namba tatu. Akaambiwa amtafute mwuza dawa. Kutoka namba tano, sasa yuko kumi na tatu.

"Wote walihama?" Koki akauliza.

"Mtaa mzima hauhami mwaka mmoja. Zilizohama ni namba."

Barabara ilikuwa imeongezwa, akaeleza, zikajengwa nyumba nne mpya mwanzoni mwa upande ule wa namba witiri, moja, tatu, tano, na mji ukaanza kuhesabu upya. Waliokuwa wakikaa pale walibaki vitandani mwao, wakabandikiwa vibao vipya. Iliyokuwa namba moja ikawa tisa, na huyo mwoka mikate ndiye mpangaji aliyeingia humo mwaka huo huo, mgeni asiyemjua mtu. Wanaotafuta nyumba za wazee wao hukosea hapo kila siku: hufuata namba badala ya kufuata majirani.

Koki akahesabu kwa kidole kikavu. Kumi na moja, kumi na tatu, kumi na tano. Kumi na saba: mpiga chapa.

Milango minne. Kama mama mdogo angekuwa na subira ya kuuliza mlango wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano.

Kisha akasoma kilichoandikwa mbele ya jina. Mke amefariki. Watoto: binti mmoja, hayupo kwa sasa. Akafungua mwaka uliofuata, karani mwingine, mwandiko mwingine, maneno yale yale. Na mwaka mwingine, na mwingine. Kila aliyebisha hodi akauliza, mzee alimjibu hivyo. Mara ya mwisho aliposema hivyo, Koki mwenyewe alikuwa ameshazaliwa na anatambaa. Koki alilia pale pale mezani, akijitahidi machozi yasidondokee karatasi.

Njia nzima aliogopa. Ni rahisi kumwambia mzee kwamba alipendwa. Si rahisi kumwambia kwamba alikuwa milango minne tu. Alipiga moyo konde, akamwambia yote.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mama yake mdogo asilaumiwe, hasira zile zilikuwa kwa ajili yake. Akauliza tena maneno ya karani yalikuwaje.

"Binti mmoja," Koki akarudia. "Hayupo kwa sasa."

Mama akajiweka vizuri kitini, akashusha gauni magotini.

"Nipo, baba," akasema.