Wingu Jeusi Nililolipigia Makofi

Jamani, sikieni yaliyonikuta. Mwalimu wa chekechea hapa Susuni aliniomba niwafundishe watoto mawingu, mimi niliyeishia darasa la pili, tena kwa kufukuzwa, lakini hayo tuyaache. Asubuhi nilichoma magugu shambani, nikayaacha yakiungua ili niwahi shule. Nikawaonyesha wingu jeupe kama pamba. Mara likainuka jingine jeusi nyuma ya kilima.

"Hilo ndilo la mvua! Lipigieni makofi!"

Wakapiga, hata mwalimu akapiga. Katoto kamoja kakauliza, "Babu, mbona linatokea kwenu?" Nikakacheka.

Ndipo mke wangu akaja mbio, kajaa majivu.

"Baba Chacha! Kihenge chetu cha ulezi kinateketea, na wewe unakipigia makofi?"