Farasi Aliyezoea Harusi

Mimi na shemeji yangu tuna farasi mmoja. Tulimnunua kwa mtu aliyekuwa akimkodisha kubeba mabwana harusi, jambo ambalo hatukulitilia maanani.

Ijumaa moja alasiri nilimpanda kupita barabara ya Ndia Kuu, nimevaa kanzu yangu ya msikitini, shemeji akinifuata nyuma. Mara tukasikia tarumbeta za harusi. Nikavuta hatamu weee, wapi! Farasi alijipenyeza mpaka mbele ya msafara, akaanza kutembea kwa madaha. Wanawake wakapiga vigelegele, wakanimwagia asumini na marashi. Bwana harusi mwenyewe alikuwa nyuma yetu, kwa miguu. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Nyumbani, mke wangu alininusa.

"Hongera," akasema. "Bibi harusi umemwacha wapi?"