Ngozi ya Ng'ombe Mlangoni kwa Mtakatifu wa Wahindu

Niliondoka Shinyanga kwa sababu ya nadhiri ya Mama Ramesh, mama wa mwenye duka nilikofanya ukarani. Alitaka, kabla hajafa, ashike kizingiti cha chumba alimozaliwa mtakatifu mmoja wa Kihindu huko Gujarat. Macho yake yalikuwa yamefifia, na Ramesh hakuweza kufunga duka msimu wa pamba. Nikajitolea kumsindikiza.

Mjomba wangu alikuja kutoka machimbo ya Geita kuniaga, akachinja dume jeusi la ng'ombe. Ngozi niliikausha, nikaipaka mafuta hadi ikalainika. Kwetu Usukumani mgeni wa maana haendi mikono mitupu, nami nilijiona mgeni wa maana sana.

Tabora tulibadili treni. Mama Ramesh akaomba kitu cha kulaza kichwa, nikampa mzigo wangu.

Melini kuelekea Bombay nilitapika siku nne. Niliyejitolea kumtunza ndiye aliyenishikia ndoo.

Kutoka Bombay tulipanda treni nyingine, kisha mkokoteni wa ng'ombe. Niliwasifu ng'ombe wale njia nzima, hasa minofu ya mapajani. Mama Ramesh alijifanya amelala.

Asubuhi tulifika kijijini. Mahujaji walikuwa pekupeku, wakizunguka hekalu lenye chumba kile wakiimba. Kuhani alitupokea kwa upole, nami nikamkunjulia ngozi miguuni pake. Akarudi nyuma hatua tatu. Mama Ramesh akauliza kuna nini, nikamweleza.

“Masanja, ndiyo ule mto wangu tangu Tabora?”

“Ndiyo, Mama.”

“Ng'ombe alikufa mwenyewe?”

Ningedanganya, pengine angeruhusiwa kuingia papo hapo. “Tulimchinja, Mama. Nami nilikula.”

Alimtafsiria kuhani yote, hata hilo la kula. Kuhani akafikiri sana, kisha akaamua: bibi aoge kisimani, abadili nguo, afunge hadi jioni, ndipo aingie. Mimi na ngozi yangu tubaki nje ya lango.

Jioni alitoka akilia na kucheka. Akaniambia kizingiti ni cha jiwe, kimelika katikati kwa mikono ya watu.

“Wasimulie hivyo nyumbani,” alisema. “Usiongeze.”

Sikuongeza. Ngozi nilimwachia mshona viatu Bombay, tukarejea Shinyanga salama. Siku hizi nikialikwa mahali, huuliza kwanza wenyeji wanapokea nini. Wengi hunicheka. Afadhali wanicheke mimi kuliko kikongwe aoge maji baridi na kushinda njaa kwa ajili ya ukarimu wangu.